Mto Thames, Uingereza: geti moja au geti mbili?

Zamani boti za mizigo zilipita kwenye geti moja tu la mbao lililozuia maji ya mto, wanang'oa mbao maji yanafyatuka na boti inashuka nayo kwa kasi, kupanda ndo balaa, unavutwa kwa kamba au winchi dhidi ya mkondo, watu walizama kabisa, na mwenye kinu cha kusaga kinachozungushwa na maji hayo akigoma kuyaachia unasubiri tu. Geti mbili zenye chemba katikati zikaja Iffley na Sandford, karibu na Oxford, miaka ya 1630: boti inaingia, geti linafungwa, maji yanapanda au kushuka taratibu. Kujenga ni ghali, sawa, ila mi nachagua chemba, na inaniuma kwamba yale ya mbao yalibaki sehemu za juu mpaka karne ya 20.