Kung'oa gego la mwisho kwa upasuaji Kampala: uzoefu wangu

Gego langu la chini kulia lilikuwa limelala, limeegemea jirani yake, na ufizi uliolifunika nusu ukivimba kila mara. Gego la hivyo halivutwi kwa koleo tu. Kliniki niliyoenda naipa alama za juu kwa jambo moja: hawakugusa kitu kabla ya eksirei ya taya zima. Ndani ya mfupa, chini ya mizizi, hupita neva ya mdomo wa chini na kidevu. Ikikwaruzwa, ganzi hubaki wiki au miezi, pengine haiondoki. Daktari alinionyesha kwenye picha nafasi iliyokuwapo kati ya mzizi na neva, ndipo akanipa karatasi ya ridhaa.

Kuchunguza kabla ya kung'oa kuna sababu nyingine pia: ni hapa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikokuwa akifanya kazi alipoandika mwaka 1958 kuhusu saratani ya taya za watoto, ambayo mara nyingi huanza kwa uvimbe na meno kulegea. Taya la mtoto likivimba na meno yakalegea bila sababu ya wazi, jamani, msikimbilie koleo.

Ganzi ilikuwa lignokaini 2% yenye adrenalini. Baada ya sindano subiri dakika 5 hadi 10, hadi nusu ya mdomo iwe nzito. Wenye haraka ya foleni huanza mapema, mgonjwa akaumia bure. Kisha ufizi hukatwa na kufunuliwa, mfupa huchongwa kwa kekee ndogo huku ukimwagiwa maji safi ya chumvi, maana mfupa ukipata joto hufa na kidonda huchelewa kupona. Langu lilikatwa vipande 2. Utasikia mlio na msukumo. Ukisikia uchungu, inua mkono uongezwe ganzi.

Walipopungukiwa ni maelekezo ya nyumbani. Niliambiwa "usisukutue", basi. Walipaswa kuniambia haya: Shashi iume kwa nguvu dakika 30 hadi 60 bila kuchungulia. Usiteme kwa nguvu, usinyonye mrija, usivute sigara: damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha mfupa, ikitoka tundu hubaki kavu. Uvimbe kukua hadi siku ya 2 au ya 3 ni kawaida. Lakini maumivu yakizidi siku ya 3 badala ya kupungua, yakapanda sikioni na mdomo ukanuka, antibiotiki peke yake hazitakusaidia. Rudi tundu lisafishwe na kuwekwa dawa. Saa 24 zikipita, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu. Ukipewa antibiotiki ya metronidazole, waragi na pombe nyingine weka kando. Kula matoke yaliyopoa na uji. Karanga na mahindi ya kuchoma hujaa tundu.

Nyuzi za hariri zilizoshona ufizi hutolewa siku ya 7. Uliza mapema kama kuzitoa kumo kwenye bei, kwani mimi nilidaiwa tena.