Barakoa ya kanga, jina likae mdomoni

Tangu Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipolazimisha barakoa hadharani na kutaja faini ya hadi shilingi 20,000, nimeshavaa za vitenge, za mabaki ya suti, hata za shuka. Niliyoipenda ni ya kanga, kazi ya fundi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Niliinunua shilingi 300.

Ilikuwa ghali, ndiyo. Lakini mafundi wengi hukata kanga popote pale, ukaambulia ua la katikati au kipande cha pindo. Huyu hulenga jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye kanga. Na jina huandikwa mara moja tu kwa kila kanga, kwa hiyo doti nzima, yaani kanga mbili, humpa barakoa mbili za aina hiyo. Kitambaa kingine chote ni cha barakoa za kawaida. Yangu ni ya "Wema hauozi": WEMA juu ya mshono wa kati, HAUOZI chini yake, herufi zimenyooka wala hazikupinda puani. Shoga yangu alipeleka "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Jina halikuenea, fundi akamwekea ABIRIA peke yake, na sasa kila akipanda matatu makondakta hawamwachi kwa utani.

Kwa kinga, hapo msije mkadanganywa na uzuri. Kanga ni nyepesi, ukiinua juani unaona mwanga. Shirika la Afya Duniani lilishauri Juni 2020 tabaka tatu, ya nje iwe isiyonyonya maji, nayo kanga ni pamba: kwa joto letu hili adhuhuri imeshalowa. Nilimwomba fundi atie katikati kitambaa cha ile mifuko ya sokoni iliyoenea baada ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Akatia bila kuongeza bei, na pumzi inapita vizuri. Hata hivyo natembea na ya pili mkobani.

Sisi wa hijabu tuombe kamba za kufunga kisogoni, maana mpira wa masikioni hauna pa kushika. Fundi haweki waya wa puani, basi wenye miwani watasumbuka na ukungu. Rangi nayo huchuja: ilowekeni kwanza kwenye maji, la sivyo kidevu kitakuwa chekundu.

Ukipeleka kanga yako mwenyewe anapunguza bei. Chagua yenye jina fupi.