Waifai ya ploti yetu Umoja: nyota 3, na 2 kati ya hizo ni za fundi

Nimetumia hii waifai miezi nane sasa, niko floo ya nne, kwa hivyo naongea kitu najua. Spidi ya mbs 10 kwa 2,000 kwa mwezi, unalipa kwa till, ukichelewa inakatwa saa sita usiku hata kama mechi inaendelea. Asubuhi iko poa, kazi zangu za mtandaoni hazigandi. Sasa ngoja saa mbili usiku ploti nzima ikiwa imerudi, video inazunguka tu, maana hawa watoa huduma wadogo wananunua laini kwa kampuni kubwa halafu wanatugawia, na tuko wengi kwa sahani moja.

Kitu kinaniuma ni hiki, geti ya pili kuna jamaa wanauza mbs 15 kwa 1,500. Nikawapigia. "Bosi, hiyo ploti yenu hatuingii." Keateka ndiye alinifungua macho, landilodi alishaelewana na hawa wetu na kuna kitu kidogo anapata kwa kila nyumba, na wetu nao hawakanyagi kule. Mtaa umegawanywa kama ruti za matatu.

Si jambo geni hapa Kenya. KIXP, kituo cha kuunganisha mitandao, ilipofunguliwa 2000 ili watoa huduma wabadilishane trafiki hapa hapa Nairobi badala ya kuizungusha ng'ambo, Telkom, kampuni ya simu ya serikali wakati huo, ikalalamika kuwa hiyo ni haki yake pekee, ikafungwa, ikarudi 2002.

Mwezi wa tatu jamaa wa geti ya pili walijaribu kuvuta waya kwa posti yetu. Usiku huo huo ruta yangu ikaanza kupepesa taa nyekundu, LOS, yaani signal ya fiba haifiki. Asubuhi fundi akakuta waya zao na zetu zote zimekatwa, kata safi ya plaisi. Nani alianza? Sijui, siulizi. Akakaa kwa ndoo, mashine kwa goti, akiunga ule uzi mwembamba kama unywele mpaka tukarudi hewani, na hakuitisha hata ya chai.

Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ilipoingia Kenya Julai 2023 nikajua tumepona, na kweli mwaka uliofuata Safaricom wakaongeza spidi ya fiba, ile ya 2,999 ikatoka mbs 10 ikawa 15. Lakini dishi inawekwa kwa paa, na paa ni ya landilodi yule yule.

Ukija kuangalia nyumba huku, uliza waifai ni ya nani kabla hujalipa diposti.