Koilova kwa gari la barabarani: ipi ununue, na uiseti vipi

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, vijiji vinakupokea kwa rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, kisha tuta, kisha rasta tena. Hapo ndipo koilova nzuri na mbaya zinapoachana. Kwenye lami mpya ya mjini karibu kila seti inafurahisha: gari halilali kwenye kona, usukani unajibu mara moja. Kwenye rasta, seti mbaya inalitetemesha gari mpaka dashibodi ilie, na kwenye tuta unasikia chuma kikigonga chuma. Nimeendesha Impreza ya GD, yaani toleo la pili, kwa miaka kadhaa na nimefunga seti tatu tofauti kwenye gari hilo hilo, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Subaru. Mwenye Altezza, Mark X au Golf atakuta mengi yanamhusu pia.

Koilova ni shokapu na springi vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, na mwili wa shokapu umechongwa uzi kama wa bolti ili uweze kupandisha au kushusha gari. Impreza ya GD ina strati, yaani shokapu iliyovikwa springi na kulishika gurudumu moja kwa moja, pembe zote nne, kwa hiyo unapata vipande vinne vinavyofanana kwa umbo. Golf ya toleo la tano ni tofauti: nyuma springi inakaa peke yake na shokapu inakaa pembeni. Usishangae ukifungua boksi ukakuta springi za nyuma zimelala kando.

Wengi wanaonunua koilova hutaka kushusha gari, na muuzaji hujua hivyo. Mimi nasema kinachonunuliwa kwa barabara zetu ni mwendo, yaani ile nafasi ambayo fimbo ya shokapu inaingia kabla ya kugonga stopa ya mpira. Mwendo ukiisha, springi na shokapu zote zinakuwa hazina kazi. Tuta linapiga bodi moja kwa moja. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: gari likishuka, mwendo unabaki?

Jibu linategemea namna seti inavyorekebishwa. Zipo ambazo unashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi tu. Ukiteremsha, fimbo inakaa ndani zaidi hata gari likiwa limesimama, na kila milimita uliyoshusha umeikata kwenye mwendo. Zipo nyingine ambazo mguu wa chini wa shokapu wenyewe unazunguka na kuingia au kutoka, huku springi ikibaki ilivyo. Hizo zinashusha gari bila kugusa mwendo, mpaka pale tairi litakapokutana na madigadi. Kwa pesa inayokaribiana, chukua za mguu unaozunguka.

La pili ni ugumu wa springi. Wajapani wanaupima kwa kilo kwa milimita: springi ya 4 inahitaji kilo 4 ili ijikunje milimita 1. Chukua pembe moja ya gari inayobeba kilo 350 za bodi, yenye strati. Kwa springi ya 4 gari litadunda kama mara 1.6 kwa sekunde, na hapo bado ni gari la kusafiri, lililokakamaa kidogo. Weka springi ya 8 na unafika mara 2.3 hivi kwa sekunde. Hilo ni gari la mashindano, na mgongo wa abiria wa nyuma utakwambia kabla hujafika Chalinze. Seti yangu ya pili ilikuwa na 8 mbele. Mama yangu aliomba tusimame Mlandizi anyooshe kiuno, na nilipofika nyumbani niliivua wiki ile ile. Kwa gari la familia lenye uzito kama wa Impreza, mimi siendi juu ya 5.

Sasa mpangilio wangu.

Kabla ya nafasi ya kwanza kuna chaguo ambalo si koilova, na watu wengi wanaoniuliza huwa nawarudisha hapo. Kama gari lako linayumba na kudunda, yumkini shokapu zako zimekufa tu. Shokapu mpya za KYB ya Japani, springi nzima za kiwandani, maunti mpya za juu (zinazoshika shokapu kwenye bodi) na bushi mpya za mikono ya chini vitakurudishia gari uliloliota, kwa gharama ndogo na bila kushusha kitu. Anayekwenda kijijini kila mwezi kwa barabara ya vumbi aishie hapa. Koilova ni kwa yule ambaye baada ya hayo yote bado anataka kuchagua mwenyewe kimo na ukakamavu, yaani jinsi shokapu inavyouzuia mdundo wa springi.

Nafasi ya kwanza naipa Tein ya Japani, na hasa seti yao ya Flex Z. Mguu wake wa chini unazunguka, ina kliki 16 za kurekebisha ukakamavu, na ndani ni ya mirija miwili, aina ambayo kwa urefu ule ule inatoa mwendo mrefu zaidi na kupokea mashimo madogo kwa ulaini. Imefungwa kabisa, haifunguliwi kutengenezwa. Shokapu moja ikivuja unanunua moja hiyo. Kwetu naona hilo ni faida, maana fundi wa kufungua shokapu, kubadili sili na kujaza gesi kwa kipimo si rahisi kumpata. Ukiwa na nafasi ya kuongeza pesa, Flex A ina stopa ya mafuta ndani badala ya kutegemea mpira peke yake, kwa hiyo mwisho wa mwendo unapokelewa polepole. Kwa nchi ya matuta, sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachofaa zaidi.

Ya pili, hasa kwa magari ya Ulaya, ni Bilstein B14 na KW Variant 1. Zote za Ujerumani, na zote mbili zinarekebishwa kimo tu. Ukakamavu umeshaamuliwa na kiwanda. Watu wanaliona hilo kama upungufu. Mimi naliona kama kazi iliyofanywa na wahandisi wenye gari lako mikononi, na mwenye gari hawezi kuiharibu kwa kuzungusha kitufe. KW hutumia chuma kisichoshika kutu kwa mwili wa shokapu, na ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya bahari itakueleza thamani yake. B14 ni ya mrija mmoja wenye gesi ya shinikizo kubwa: inapoza joto vizuri, inashika gari barabarani kwa uthabiti, ila kwenye mashimo madogo utaisikia zaidi.

Ya tatu ni BC Racing ya Taiwan, mfululizo wa BR. Mrija mmoja, kliki 30, mguu unaozunguka, na inafunguliwa kutengenezwa. Ubora wake mkubwa kwangu ni kwamba unaweza kuagiza springi za ugumu unaoutaka. Agiza laini. Usikubali zile zilizopo kwenye rafu kwa sababu tu zipo. Angalia pia maunti za juu za mbele: kwa magari ya strati, nyingi huja na kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha chuma badala ya mpira. Kinatoa usukani mkali, lakini vumbi letu likiingia kinaanza kugonga, na hutajua kama mlio ni wake au wa stablaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona.

Öhlins Road & Track na KW Variant 3 ziko juu ya zote kwa ubora. Nimeziweka ya nne kwa sababu ya bei tu. Öhlins wana vali inayoruhusu mafuta kupita kwa wepesi pande zote mbili, kwa hiyo gurudumu linaloshuka kwenye shimo linarudi chini haraka na kushika lami. Variant 3 inakupa vitufe viwili, kimoja cha fimbo kuingia na kimoja cha fimbo kutoka. Mwenye gari la thamani na anayelikimbiza mara kwa mara kwenye njia ya mashindano hatajuta. Wa kwenda kazini na kurudi atakuwa amenunua uwezo asioutumia.

Ya tano ni mtumba kutoka Japani. Zinafika nyingi, Ilala kwa Dar na Kirinyaga Road kwa Nairobi, na zipo ambazo zimetembea kidogo sana. Ila zinunue kwa mkono na jicho. Pitisha kucha kwenye fimbo. Ikikwama kwenye kidoa cha kutu, sili itachanika. Sukuma fimbo ndani: ya mrija mmoja yenye gesi lazima irudi yenyewe nje, taratibu, bila kusita. Ikibaki ndani, gesi imekwisha. Jaribu kuzungusha pete za uzi, kwa sababu mikoa ya theluji ya Japani hunyunyiza chumvi barabarani na pete zikiganda hazitoki ila kwa moto. Kisha linganisha namba ya chesisi. Impreza ya GH iliyokuja 2007 ilibadili nyuma na kuacha strati, kwa hiyo shokapu za nyuma za GD haziingii hata kama muuzaji anaapa.

Seti zisizo na jina za bei ya kutupa sizipi nafasi yoyote. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo, na sili ya nyuma kushoto ilianza kuvuja kabla ya miezi mitano. Shokapu iliyokufa inaongeza umbali wa kusimama na inalifanya gari liruke kwenye kona yenye mashimo. Hapo ni uhai wa watu.

Tukija kwenye kufunga: pima kabla ya kufungua. Gari likiwa sakafu iliyolala sawa, upepo wa matairi uko sahihi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Ukipima kutoka chini, tairi lililochakaa litakudanganya. Baada ya kufunga, shusha gari kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache ili matairi yatulie, ndipo upime tena.

Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa limening'inia. Zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi iliyokazwa hewani inabaki imejisokota siku zote na itachanika mapema, na kimo ulichopima kitakuwa cha uongo.

Usishushe zaidi ya milimita 20 hadi 30 kutoka kimo cha kiwandani. Kwenye gari la strati, mkono wa chini unatakiwa uinamie kidogo kuelekea gurudumu, au angalau ulale sawa. Ukishusha mpaka mkono uelekee juu, ile nukta ambayo gari linayumbia inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Matokeo yake gari lililo chini sana linalala zaidi kwenye kona, na usukani unavutwa kila gurudumu likipanda tuta.

Kuna ushauri wa gereji unaonisumbua kila ninapousikia: "kaza springi iwe ngumu." Springi ya 5 itabaki ya 5 hata uizungushie kikalio mpaka mwisho. Kama inabeba kilo 300, itajikunja milimita 60, basi. Ukiikaza milimita 10 kabla, fimbo itazama milimita 50 badala ya 60, gari litapanda 10, na umepoteza milimita 10 ambazo gurudumu lingeshuka nazo kwenye shimo. Ugumu haujaongezeka hata chembe. Kwenye seti ya mguu unaozunguka, acha springi ilivyotoka kiwandani na ushushe kwa mguu.

Kuona mwendo unaobaki, funga kwenye fimbo kamba ya plastiki ile ambayo mafundi umeme hufungia nyaya, uisukume hadi juu ya mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku ukiwa na abiria na mizigo ya kawaida. Ukirudi, mahali kamba ilipofika ndipo fimbo ilipoingia. Ikiwa imesukumwa mpaka kwenye stopa na kuizamia, pandisha gari. Kwenye Bilstein za mbele zilizogeuzwa juu chini hutaiona fimbo, kwa hiyo hapo sikiliza kwa masikio.

Ukakamavu urekebishe mwisho. Zungusha vitufe vyote mpaka mwisho wa ukali kwa vidole, bila nguvu, kisha hesabu kliki kurudi nyuma hadi katikati, kushoto sawa na kulia. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye tuta, rasta na kona, ukipite kwa kasi ile ile kila mara. Gari likidunda mara mbili baada ya tuta, ongeza kliki 2. Rasta ndiyo mtihani mgumu. Ukihisi gari linazidi kuzama na kukakamaa kadiri rasta zinavyoendelea, ukakamavu wa kurudi (wa fimbo kutoka) umezidi: gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya rasta inayofuata, na shokapu inajivuta chini hatua kwa hatua. Punguza. Wengi hudhani dalili hiyo inataka kukaza, wakakaza, na gari likawa baya zaidi.

Nenda alaimenti siku hiyo hiyo, maana kushusha kumebadilisha mwelekeo wa matairi na yatakula upande mmoja. Rekebisha taa za mbele pia, na uangalie kama mipira ya breki inavutika ukikata usukani mpaka mwisho. Baada ya kilomita 500 rudi ukaze pete zote na upime tena kimo, kwani springi mpya hukaa kidogo. Uzi wa koilova uoshe kwa maji na brashi kila baada ya matope. Usiupake grisi tupu. Inashika mchanga, na siku unayotaka kuzungusha pete mchanga huo ndio utakaokula uzi.