Kadi ya SATA ya matundu manne, na fundi wa Machomanne aliyeigeuza skrini

Mimi hupiga video za shughuli za wanawake hapa Chake, Pemba: singo, kupamba, kutolewa bibi harusi. Ndani ya diski zangu mna wake na mabinti wa watu waliovua mabuibui wakacheza kwa kujua kwamba hapana mwanamme anayewaona. Kwa hivyo mashine yangu, kompyuta ninayohariria, hailali dukani kwa mtu.

Baada ya msimu wa karafuu harusi zilifuatana, diski zikajaa, na madhabodi yangu, ule ubao mkuu wa kompyuta, ina matundu manne tu ya SATA, ya kuchomekea diski. Nikaagiza kadi ya kuongeza matundu kutoka Unguja, haina chapa, shilingi 45,000, ikaja na boti. Nikaichomeka mwenyewe, nikaifunga diski tatu: moja mpya, mbili zilizokuwa zikikaa kabatini. Nikawasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna diski ya kuwashia.

Fundi wa mwanzo niliyempigia simu hakuuliza kitu. Windows imekufa, niipeleke mashine aipige upya. Nikakataa. Kwenye SSD, ile diski ya kasi yenye Windows, mlikuwa na kazi ya bibi harusi wa Wawi, haijamalizika, na kupiga Windows upya kungeifuta.

Wa pili ni kijana wa Machomanne, alikuja nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kabla ya kuitia hii kadi, mashine ilikuwa ikiwaka?"

"Ikiwaka vizuri, jana tu."

Akaichomoa kadi, akawasha. Windows ikaja. "Basi Windows nzima mama, haina ugonjwa. Foleni tu ndiyo imevurugika."

Akanionesha. Kadi ina programu yake ndogo, opsheni romu, inayoamka mapema na kuziandikisha diski zake kwa BIOS, programu ya madhabodi inayoiamsha kompyuta na kuchagua diski ya kuwashia. BIOS yangu ikaiweka diski mpya mbele ya SSD. Diski ile ni tupu, na BIOS haikuhangaika kuitazama inayofuata. Usiku ule nilikuwa nimeshajaribu peke yangu, nikaipanga menyu ya kwanza: diski juu, kisha DVD, kisha USB. Kumbe iko orodha nyingine, ya diski kwa diski, na ile inayokaa juu ya orodha hiyo ndiyo pekee inayoingia kwenye menyu niliyokuwa nikihangaika nayo. Huko ndiko alikoipandisha SSD, akahifadhi kwa F10.

Kisha akaizima opsheni romu ya sloti ile ilimochomekwa kadi. Nikaogopa diski zitapotea. Hazikupotea: Windows ikishawaka hutumia draiva yake kuzungumza na kadi. Kinachoondoka ni uwezo wa kuwashia mashine kutoka diski za kadi, na mimi siuhitaji, maana SSD imebaki kwenye tundu la madhabodi.

Jengine ni betri. Aliiona saa ya BIOS iko nyuma kwa miaka, akaniuliza kama huzima umeme ukutani. Nazima, kila usiku, kwa kuogopa umeme ukirudi kwa kishindo. Ile betri ya duara, CR2032, inayoitunzia BIOS saa na mipangilio umeme ukizimwa, ilikuwa imekufa. Asingeibadilisha, asubuhi yake BIOS ingesahau yote na kadi ingetangulia tena, nami ningemwona yeye ndiye mbaya.

Kadi yenyewe naisifu kwa kiasi. Inakaa kwenye sloti ndogo ya PCIe x1, na matundu yote manne yanagawana njia moja. Nikipeleka kazi kutoka SSD kwenda diski moja sioni tofauti. Nikizisoma zote tatu kwa pamoja, mwendo unashuka. Kwa kuwekea inatosha, kwa kuhariri sifanyii. Ila karatasi iliyokuja nayo haina hata neno moja kuhusu foleni ya kuwasha, na hilo silisamehe, kwa sababu mwenzangu mwengine angekubali kupigiwa Windows upya na angepoteza kazi za watu bure.

Fundi alichukua dakika 40 na shilingi 20,000, betri ndani yake. Ningemlipa zaidi. Windows ilipowaka na kadi imo, mafaili yakaanza kujitokeza na picha zake ndogo. Akaishika skrini, akaigeuza upande wangu, mwenyewe akaangalia mlangoni: "Tazama wewe mama, diski zote zipo?"

Zilikuwepo zote.