Uzoefu wangu wa Fort Halifax, Maine: jengo la magogo lililochukuliwa na mto

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa niaba ya watakaokwenda wakitarajia ngome. Ngome hakuna. Kilichobaki Winslow, katika jimbo la Maine, Marekani, ni jengo moja la magogo la ghorofa mbili, takriban mita 6 kila upande kwa chini, limesimama kwenye nyasi pale mto Sebasticook unapoingia Kennebec. Aliyezoea Fort Jesus na kuta zake za matumbawe atalizunguka dakika mbili na kuuliza, "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu. Lakini ni la mwaka 1754, na katika majengo ya ulinzi ya aina hii yaliyosalia Marekani, hili ndilo kongwe kuliko yote. Ukijua pa kutazama, saa nzima itakwisha hujamaliza.

Usianzie hapo, lakini. Anzia Augusta, kwenye Old Fort Western, kisha upande mto kwa barabara ya 201. Ndivyo shehena ilivyokwenda, na bila kuiona Fort Western, ile ya Winslow haieleweki. Koloni la Waingereza la Massachusetts, chini ya gavana William Shirley, lilitaka kuziba njia ya mitumbwi ya Wawabanaki, wenyeji asilia wa eneo hilo, iliyounganisha Kennebec na Quebec ya Wafaransa. Jenerali John Winslow akatumwa na kikosi kwenda kujenga Fort Halifax huko Ticonic, ndiyo Winslow ya leo, mahali ambapo Wawabanaki wenyewe walikuwa na kijiji zamani. Anayekwambia ngome ilijengwa kwenye pori tupu, usimsikilize. Tatizo lilikuwa chakula na baruti. Vyombo kutoka Boston viliishia Augusta, kwa sababu hapo ndipo maji kujaa na kupwa kunapokoma na maporomoko kuanza. Kwa hiyo wamiliki wa ardhi ya Kennebec wakajenga Fort Western iwe ghala, na mizigo ikapakiwa upya kwenye mashua bapa, ikavutwa dhidi ya mkondo kilomita 27 hivi.

Pale Augusta jengo kuu, lenye urefu wa mita 30 hivi, ni la asili. Minara ya pembeni na uzio wa magogo ni kazi ya karne ya 20. Uzio wa namna hiyo hauwezi kuwa wa zamani: gogo lililosimikwa ardhini huoza kwanza pale udongo na hewa vinapokutana, hata kama juu bado ni gumu.

Sasa twende Winslow. Ukishavuka daraja la Sebasticook, tazama kushoto, upande wa mtoni. Kabla ya kusogelea mlango, simama kwenye pembe ya jengo. Magogo yamechongwa pande nne, na ncha zake zimekatwa kwa mshazari ili la juu liume la chini. Kiungo hicho hakitegemei msumari. Uzito wa ukuta wenyewe ndio unaokibana. Kisha inua macho uone jinsi ghorofa ya juu ilivyotokeza nje. Adui aliyefika ukutani na shoka au moto angeweza kupigwa kutoka juu. Faida nyingine haitajwi sana: ghorofa hiyo ni kama mwavuli kwa magogo ya chini.

Jengo la magogo linaharibikia wapi? Chini na nchani. Gogo la msingi hurushiwa matone yanayodunda ardhini, na theluji hukaa ubavuni mwake miezi kadhaa. Ncha hunyonya maji haraka kuliko ubavu, kwa kuwa mishipa ya mti inafungukia hapo. Na gogo bichi likikauka husinyaa kwa unene, si kwa urefu, hivyo ukuta hushuka. Fundi asiyeacha nafasi juu ya mlango atakuta umebanwa. Chunguza sehemu hizo tatu utaona ni wapi ukarabati wowote wa jengo kama hili huanzia.

Balaa kubwa, hata hivyo, haikuwa kuoza. Tarehe 1 Aprili 1987 mvua kubwa ilikutana na theluji iliyokuwa ikiyeyuka, Kennebec ikafurika na kulisambaratisha jengo lote. Mbao huelea, na hiyo ikawa bahati: magogo mengi yaliokotwa huko chini mtoni, na jengo likasimamishwa tena mwaka uliofuata, mbao mpya zikijaza mapengo. Ukuta wa matofali ungebaki kifusi, lakini gogo lina mikato yake, urefu wake na matundu yake, hivyo fundi makini anaweza kulirudisha mahali pake.

Je, bado ni jengo la 1754? Wapo wanaosema hapana. Mimi nasema ndiyo, kwa sharti moja: usilitazame kana kwamba ni kitu kimoja. Tafuta gogo lenye mikato isiyoshika chochote, makovu ya tezo yaliyolainika, rangi isiyofanana na ya jirani yake. Hapo ndipo utamu ulipo, hasa ukienda na mtu anayejua useremala.

Kuhusu vita hakuna mengi. Quebec ilipoanguka mikononi mwa Waingereza mwaka 1759, kazi ya ngome ikaisha. Mwaka 1775 Benedict Arnold, kamanda wa Wamarekani walioasi dhidi ya Waingereza, alipita na askari kama 1,100 akienda kuishambulia Quebec hiyohiyo, kwa mashua zilizoundwa haraka kwa mbao mbichi. Zilivuja, zikaharibu chakula na baruti. Mbao mbichi tena!

Kwa wenzetu wanaoishi Portland, Augusta ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kutoka Lewiston ni kilomita 50 tu. Augusta hadi Winslow weka nusu saa. Fort Western ina kiingilio na waongozaji, kwa hiyo hakikisha saa za kufungua kabla ya kuondoka nyumbani. Winslow ni bustani ya wazi. Jipange kana kwamba mlango wa jengo utakuwa umefungwa, maana mengi niliyotaja yanaonekana kwa nje. Beba tochi ya kumulika kati ya magogo na chini ya ghorofa iliyotokeza. Mwezi Mei na Juni vaa mikono mirefu: visubi wa kando ya mto ule hawana huruma, na ukirudi garini kagua miguu kama kuna kupe.