BleachBit kwenye Ubuntu: kwa kashe ni nzuri, vifurushi naiachia apt

Naitumia BleachBit kwenye kompyuta ya mezani yenye Ubuntu na SSD ya GB 120. Ni programu huria ya kusafisha diski, haina matangazo, inaingia kwa `sudo apt install bleachbit` (apt ni zana ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa programu). Utaona ikoni mbili: ya kawaida na ya root (msimamizi mkuu wa mfumo). Fungua ya kawaida. Hiyo inagusa mafaili yako tu, haifiki kwenye mfumo.

Kinachoifanya nisiiache ni kitufe cha Preview. Kinaorodhesha kila faili litakalofutwa na ukubwa wake kabla hujafuta chochote. Mara nyingi mzigo wenyewe ni kashe (mafaili ya muda) ya kivinjari na vijipicha vya `~/.cache/thumbnails`. Funga Firefox kwanza. Tiki ya Passwords usiiguse kabisa, na ya Cookies uiache kama hutaki kuingia upya kwenye kila tovuti. Hapa hakuna pipa la taka la kuokotea kitu.

"Free disk space" ina jina la kupotosha: haikuongezei nafasi hata baiti moja. Inaijaza diski hadi pomoni ili kufunika mabaki ya mafaili yaliyokwisha kufutwa, inachukua muda mrefu, na SSD inachakaa bure. Localizations nayo inafuta tafsiri za lugha bila apt kuwa na habari. Kifurushi (programu au sehemu yake iliyowekwa na apt) kikisasishwa, zinarudi.

Vifurushi ni kazi ya apt. Anza na `apt-get -s autoremove`. Hiyo `-s` ni ya majaribio, haifuti kitu, basi isome orodha yote. Ukiondoa programu moja, vifurushi vilivyokuja nayo huhesabiwa yatima hata kama bado unavitumia. Ukikiona unachokihitaji, kiokoe kwa `sudo apt-mark manual` na jina lake, ndipo uendeshe `sudo apt autoremove` yenyewe. Amri hiyohiyo huondoa kerneli (kiini cha mfumo) za zamani na kubakiza unayoitumia. Usiingie `/boot` na `rm`: dpkg, inayotunza orodha ya vifurushi vilivyowekwa, itaendelea kuamini kerneli ipo.

`sudo apt clean` inaondoa mafaili ya .deb yaliyopakuliwa, haina hatari. `sudo journalctl --vacuum-size=200M` inapunguza kumbukumbu za matukio ya mfumo (logi). Bado diski imebana? Tazama `snap list --all`, orodha ya snap, aina nyingine ya vifurushi vya Ubuntu: matoleo yenye neno disabled ni ya zamani, na moja moja yanatoka, kwa mfano ya Firefox, kwa `sudo snap remove firefox --revision=` ukimalizia na namba yake. Ila toleo likishatoka, `snap revert`, amri ya kurudi toleo la nyuma, haina pa kurudi.